Walioishia Mto Juba

Wazigua wa Somalia hawakuachwa huru na mtu. Hakuna sultani aliyewaandikia amri, hakuna misheni iliyowakomboa kwa fedha, hakuna manowari ya Waingereza iliyokamata jahazi lao. Waliondoka wenyewe kwenye mashamba ya mabwana zao, wakaingia porini, na walipoufikia mto ambao wafugaji waliukwepa kwa kuogopa mbung'o, wakakaa. Hayo yalitokea katikati ya karne ya 19, nusu karne hivi kabla ya Sultani Hamoud bin Mohammed kutoa amri ya Aprili 6, 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja, na miongo mingi kabla ya Tanganyika kufanya hivyo mwaka 1922. Amri hizo nilizisoma shuleni pamoja na tarehe zake. Habari za watu waliojiondokea wenyewe nilikuja kuzijua nikiwa mtu mzima.

Ninawakumbuka kila ninapoketi na watu wa rika langu. Siku hizi mazungumzo yetu yote yanaelekea mahali pamoja. Huyu amechoka na kazi ya mjini anataka kurudi shamba. Yule yuko Ulaya mwaka wa 20 sasa, anauliza kama ajenge kwao au anunue nyumba huko huko. Mwingine ndoa imemshinda, anafikiria kurudi kwa kaka yake. Na jibu linalotoka kinywani mwa mzee yeyote aliye karibu ni lile lile: rudi kwenu, kwani mwacha asili ni mtumwa.

Methali hiyo inatumika kama rungu. Ikishatajwa, mjadala umekwisha, na aliyekuwa akiwaza kwa sauti anainamisha kichwa. Mimi naona haiwatendei haki watu wengi, na ushahidi wangu ni Wazigua hawa, maana wao walikuwa watumwa kweli kweli, na uhuru wao ulianza siku walipokubali kwamba hawatarudi kwao.

Tuanzie Uzigua. Ni nchi iliyo kati ya Mto Pangani na Mto Wami, nyuma ya bandari za Pangani na Sadani, na leo sehemu yake kubwa iko katika wilaya za Handeni na Kilindi mkoani Tanga. Aliyepita barabara ya Chalinze kwenda Segera, akakata kushoto pale Mkata, anaijua. Mvua ikinyesha, mahindi yanasimama yenyewe. Isiponyesha, watu wanahesabu debe. Katika miaka ya 1830 mvua zilikatika na njaa ikaingia, na kama ilivyokuwa desturi ya nyakati hizo, watu walijiweka rehani wenyewe au wakaweka watoto wao kwa aliyekuwa na nafaka, wakitumaini kukomboana mavuno yakirudi. Pwani kulikuwa na wanunuzi. Masimulizi ya wajukuu zao yanasema waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo ya bahari na kurudishwa njaa ikiisha. Jahazi zikaelekea kaskazini, hadi Barawa na bandari jirani za Benadir, na huko wakakuta wameshauzwa.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa pwani hatupendi kulisema. Barawa ni mji wa ndugu zetu. Wenyeji wake wanasema Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ambayo Mwamu akiisikiliza kwa makini ataambulia maneno yake mengi. Tumezoea kuusimulia utumwa kana kwamba Mwafrika wa pwani alikuwa amesimama pembeni akitazama Waarabu na Wazungu wakifanya mambo yao. Jahazi zile zilipakia kwetu na nyingine zikapakulia kwa ndugu zetu. Wazigua waliobaki nyumbani nao hawakuwa malaika: miaka michache baadaye walipata bunduki, wakawa wanawateka Wabondei na Washambaa na kuwauza kwa wale wale waliokuwa wamewanunua wao. Ndiyo maana sina hamu ya kuifanya asili kuwa kitu kitakatifu. Katika miaka ya njaa, ilikuwa asili hiyo hiyo iliyompeleka mtu sokoni.

Katika mashamba ya bonde la Mto Shabelle, Wazigua walilima nafaka na ufuta. Kwa kuwa waliletwa wengi kwa wakati mmoja, na wakiwa watu wazima, hawakupoteza lugha wala kupoteana. Hilo lina uzito wake. Mtumwa aliyechukuliwa akiwa mtoto wa miaka mitano hakuwa na wa kupanga naye njama. Hawa walikuwa nao. Masimulizi yanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliyekuwa na kipawa cha kuona yajayo. Huyo ndiye aliyewakusanya na kuwaambia wakati umefika. Wakatoroka kwa makundi kuelekea kusini-magharibi, na nia yao, kwa jinsi wazee wanavyosimulia, ilikuwa kutembea mpaka Uzigua.

Hawakufika. Walipofika kwenye msitu wa Juba ya chini, nchi inayoitwa Gosha, walisimama. Mbele yao kulikuwa na nyika, watu wasiowajua na njia isiyo na maji. Walipokuwa kulikuwa na mto, udongo mweusi unaorutubishwa na mafuriko, na mbung'o. Mdudu huyo anastahili kutajwa katika historia ya uhuru wa Afrika Mashariki. Aliua ng'ombe, na kwa kuwa aliua ng'ombe wafugaji hawakuleta mifugo yao msituni, na kwa kuwa hawakuileta, mtoro alipata nafasi ya kufyeka, kupanda mahindi na kuyavuna kabla mtu hajaja kumdai.

Mara nyingi nimejaribu kuwaza shauri lililokaliwa pale. Lazima palikuwa na waliosema twende, mama zetu wanatungoja. Lazima palikuwa na waliojibu kwamba kurudi kwao huenda ni kurudi kwa yule yule aliyewapima kwa pishi ya mtama. Walikuwa wametoka utumwani kwa jina la nyumbani, na sasa ilibidi waamue kama watautia uhuru wenyewe hatarini ili wafike huko. Wakachagua uhuru. Sidhani kama uamuzi huo ulikuwa mwepesi hata kwa mmoja wao, na sidhani kama kuna mtu mwenye haki ya kuwaita watumwa kwa sababu yake.

Walivyokaa, wengine wakaja. Wayao, Wamakua, Wangindo, watu wa Ziwa Nyasa, kila aliyetoroka Shabelle alijua njia ya kuelekea msituni. Vijiji vilipangika kando ya mto, mwanzoni kila kimoja kwa asili ya waanzilishi wake, na mwishoni mwa karne kiongozi wao Nassib Bundo alikuwa anajulikana hata nje ya Gosha kama mtawala wa kujitegemea. Wengi wa waliokuja baadaye waliacha lugha za babu zao, wakachukua Kisomali, wakaingia katika koo za Kisomali kama wanaolindwa. Wazigua wa upande wa chini ya mto ndio walioendelea na Kizigua chao. Wasomali waliwaita Wamushunguli, na unaweza kusikia ndani ya jina hilo sauti ya "Mzigula", yaani Mzigua.

Kilichofuata nitakipitia haraka, kwa sababu ni habari tunayoijua kutoka kila nchi. Waitaliano walikuja, wakafungua mashamba ya migomba, wakahitaji mikono, na mikono waliyoichukua kwa nguvu ilikuwa ya watu wa Gosha, wale wale ambao babu zao walikuwa wamekimbia kulimishwa. Somalia ikapata uhuru Julai 1, 1960. Chini ya bendera mpya raia wote walikuwa sawa, na mitaani mtu mwenye nywele ngumu aliendelea kuitwa jareer, jina la kumkumbusha nywele zake na babu yake kwa pamoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 ilitaka shamba liandikishwe serikalini, na walioweza kwenda ofisini na kujua wa kuzungumza naye waliandikisha mashamba ambayo hawakuyafyeka. Januari 1991 Siad Barre alianguka. Wanamgambo wa kila upande walikwenda mahali palipokuwa na chakula, yaani bonde la Juba, na wenye maghala hawakuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwalipia kisasi.

Ndipo swali la zamani lilipofunguliwa upya, baada ya karne moja na nusu. Twende wapi?

Wengi walivuka kwenda Kenya, kwenye kambi za Dadaab, na huko wakawakuta majirani zao wa zamani pamoja na dharau yao ya zamani. Wengine walipanda vyombo Kismayu wakashuka Mombasa, wakawekwa kambi ya Marafa karibu na Malindi. Kundi jingine lilifika Tanga, likapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni. Mashirika ya wakimbizi yakawapa jina jipya, Wabantu wa Somalia, jina ambalo hakuna babu yao aliyewahi kulisikia na ambalo leo wamelikubali wenyewe. Msumbiji iliombwa iwapokee, kwa kuwa wengi walikuwa na asili ya Kimakua na Kiyao, ikafikiri, mwishowe ikasema haina uwezo. Mwaka 1999 Marekani ikasema itawachukua wale wa Dadaab.

Waliokuja Handeni ndio wanaonigusa zaidi, kwa sababu wao walikamilisha safari iliyokatishwa. Tanzania iliwatengea ardhi mahali paitwapo Chogo, wilayani Handeni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wapatao 3,000 wakahamia huko. Wakapewa mashamba, wakaruhusiwa kuomba uraia. Kufikia katikati ya mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wameshaupata. Tunailaumu serikali kwa mengi, nami ni mmoja wa wanaolaumu. Ila katika hili ilifanya jambo ambalo nchi chache hufanya: iliwasikiliza watu waliosema "babu yetu alitoka hapa", ikachukulia kuwa hiyo ni hoja.

Niliwahi kusimama kwenye duka la rejareja mjini Handeni nyuma ya mama mtu mzima aliyekuwa ananunua chumvi na sabuni ya mche. Alikuwa anazungumza Kizigua na kijana wa dukani, na kijana alikuwa anajibu nusu Kizigua nusu Kiswahili. Mara kijana akacheka. "Mama, hilo neno alikuwa akilisema bibi yangu mzaa baba. Sisi hatulisemi tena." Yule mama hakubabaika hata kidogo. "Basi bibi yako ndiye mimi," akamwambia. "Mjukuu wangu, nipunguzie." Akapunguziwa shilingi 100. Alipoondoka kijana akanieleza, "Huyu wa Chogo, wale waliotoka Somalia. Kizigua chao cha zamani hasa."

Nililicheka lile jibu siku nzima, kisha likaanza kunipa kazi. Aliyebaki nyumbani ameiacha lugha taratibu, kwa sababu hakuna aliyemtishia kuinyang'anya. Yuko na Kiswahili chake cha shule na redio, ana mke kutoka Lushoto au Iringa, na maisha yanakwenda. Aliyepelekwa mbali alikishika Kizigua kwa miaka 150 kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa wa mahali fulani. Sasa hapo aliyeacha asili ni nani?

Lakini nisiwapambe. Kumbukumbu haimlishi mtu. Mtu wa Juba alizoea udongo wa mto, unaorudiwa na maji kila mwaka, na Handeni alikuta nchi ile ile iliyomtoa babu yake kwa ukame. Nyumbani hapo palikuwa katika masimulizi ya jioni, na masimulizi hayataji kwamba kisima kiko mbali. Isingekuwa shamba na hati ya kukaa, undugu wa lugha usingefika mbali. Wenyeji wa mahali popote hufurahi kumpokea ndugu aliyepotea kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili wanaanza kuuliza atalima wapi.

Na kuna hili la uraia wenyewe. Walichopewa ni uraia wa tajnisi. Kisheria sioni kwamba pangekuwa na njia nyingine, kwa kuwa hakuna msajili atakayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyepakiwa jahazini miaka ya 1830. Hata hivyo tazama maana yake: mtu aliyerudi kwao ameandikwa kama mgeni aliyekaribishwa. Hawezi kugombea urais, na uraia wake una masharti ambayo jirani yake wa kuzaliwa hayajui. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wapatao 162,000, nao waliingizwa kwa mlango huo huo, na kwao mlango huo ulistahili. Kwa Wazigua naona kama serikali iliwakumbatia kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kalamu.

Nani basi alichagua vizuri? Wale waliokwenda Marekani ni zaidi ya 12,000. Walihamishwa kwanza kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma mwaka 2002 kwa ajili ya usaili na usalama wao, wakaanza kufika 2003, wakatawanywa katika miji kama Burlington, Pittsburgh na Salt Lake City. Baadhi yao baadaye walijikusanya wenyewe Lewiston, mji wa viwanda vilivyofungwa katika jimbo la Maine, kwenye theluji ambayo hakuna Wanankhucha aliyeiota. Mji haukuwapokea kwa vigelegele. Mwaka 2002, hata kabla yao, meya wa Lewiston alikuwa ameshawaandikia Wasomali waliotangulia barua ya wazi akiomba wenzao wapunguze kuja. Wakaja, wakakaa. Na katika jimbo hilo jumuiya yao leo ina mashamba ya ushirika waliyoyaita Liberation Farms, Mashamba ya Ukombozi, ambako wanalima mahindi magumu ya unga na kuyasaga wenyewe. Marekani haikukosa mahindi. Ilikosa unga ambao mtu wa Juba anaukubali sufuriani.

Wapo pia waliobaki kabisa, na hao ndio wengi. Wako bondeni, Jilib na kwingineko, wengine chini ya Al-Shabaab, wanalima mashamba yale yale yaliyofyekwa na watoro. Mtu wa mbali ataona hawana akili. Mimi naona wana hoja: kama kuna ardhi duniani ambayo watu hawa wameipata kwa haki na kwa jasho, ni ile.

Hivyo ukoo mmoja umegawanyika mara tatu, na kila tawi lina kitu na limekosa kitu. Wa Handeni wana lugha na kwao, wamekosa mto. Wa Lewiston wana pasipoti yenye nguvu na watoto chuoni, na kila mwaka lugha inapungua mezani. Wa Juba wana mto, hawana amani. Hakuna tawi ambalo lingenyamazisha wengine kwa methali.

Ndiyo maana inanikera tunavyozungumza na jamaa zetu wa ughaibuni. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, wakati Kenya ililimaliza hilo katika katiba yake ya 2010. Muuguzi aliyetoka Tanga, akachukua uraia wa Kanada ili asifukuzwe kazini, anageuka mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe Pongwe. Nimesikia hoja za usalama wa taifa zinazotolewa kupinga, na nyingine zina uzito. Ila chini ya hoja hizo huwa kuna sauti ya methali yetu: aliondoka mwenyewe, tumfanyeje? Nchi iliyoweza kusikiliza madai ya karne moja na nusu ya watu wa Juba inashindwa kusikiliza ya mtu aliyeondoka 2010 na ambaye mama yake bado anaishi mtaa ule ule. Hadhi maalumu kwa diaspora ni hatua. Naiunga mkono kwa shingo upande, kwa sababu inampa mtu haki ya kumiliki na kumnyima haki ya kuwa mwenyeji.

Na rafiki yangu anayetaka kuacha kazi ya mjini arudi shamba, nimemwambia kitu kimoja tu: aende kwanza akaangalie maji. Hakupenda. Alitaka nimwambie kuhusu makaburi ya wazee.

Huko Chogo kuna kizazi ambacho hakikuiona Juba. Kimesoma shule za Handeni, kinashabikia Simba na Yanga, na kinafanya kile ambacho vijana wote wa wilaya ile hufanya: kinatazama barabara ya Mkata, Tanga kwa upande mmoja na Dar es Salaam kwa upande mwingine. Najua wapo wazee wanaoumia. Tumetembea karne moja na nusu kuja hapa, wanasema, na mtoto anataka kwenda kuuza viatu Kariakoo. Mimi ningewaomba wazee hao wamfungie nauli na kumpa namba ya simu ya jamaa atakayemlaza siku za mwanzo. Shamba litamsubiri akilitaka, safari hii likiwa na hati.